Mahindi ya Kodi

Mwaka ule tulikula mbegu. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia njaa hufikiria sufuria tupu, na sufuria yetu haikuwahi kuwa tupu kabisa. Mama hakosi cha kutia. Kilichokuwa kitupu ni uchaga. Huku kwetu, ndani ya Kwale, nyuma ya Kinango kunakokauka mapema, kila jiko lina uchaga wa miti juu ya mafiga. Kila mavuno, mahindi mazuri kuliko yote huchaguliwa, hufungwa maganda kwa maganda, yakatundikwa pale yapigwe na moshi mpaka mvua nyingine. Moshi hufukuza wadudu. Mahindi hayo hayaguswi. Mtoto akichezea hindi la mbegu anaweza kupigwa hata na mgeni.

Misimu miwili mvua ilipita mbali. Mama akaanza kusimama juu ya kinu na kushusha hindi moja moja, mchana, baba akiwepo. Baba aliona. Wakati wa kula alikuwa akigeuka akatazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu anabisha hodi.

Mimi si msemaji. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, na nikiulizwa swali darasani sauti huniishia kooni hata kama jibu ninalo. Nyumbani nyanya hunitania, mamake baba huyo, ananiita mke mwenza: "Mke mwenza, ukiposwa utamwandikia bwana barua ukiwa naye kitandani?" Kwa hivyo naandika. Na hili nimeliandika mara nyingi kisha nikalifuta, kwa sababu kila nikifika mwisho naona kama nimemvua baba nguo mbele za watu.

Msaada ulikuja na lori mpaka uwanja wa ofisi ya naibu wa chifu. Tulikwenda mimi, mama na nyanya. Baba alisema ana kazi shambani, na shamba lenyewe wakati huo lilikuwa vumbi, hata magugu hayakuwa na la kufanya mle. Tuliketi chini juani mpaka naibu aliposimama na kusema kwamba hii ni zawadi ya serikali, tuipokee kwa furaha. Akina mama wakapiga vigelegele na kijana mmoja akawapiga picha kwa simu. Naibu akaona vigelegele havikukolea.

"Jamani," akasema, "mbona mnashukuru kama watu wenye njaa?"

Watu walicheka kwelikweli. Mimi pia nilicheka, halafu nikainamisha kichwa.

Zamu yetu ilipofika, mama alikinga gunia na nyanya akainua mikono. Huku kwetu sadaka haipokewi kimya. Anayepewa humwombea aliyetoa, kwa jina lake, palepale, kabla hajaondoka.

"Mwanangu," nyanya akamwambia naibu, "aliyetoa ni nani, nimwombee?"

"Ni serikali, nyanya."

"Serikali nimeisikia. Ni mwana wa nani? Nikimtaja kwa Mungu namtaja na mamake."

Mwanamke mmoja nyuma yetu akadakia, "Mwana wa kodi! Mtaje hivyo hivyo, Mungu atamjua."

"Tuombee sote, nyanya, tafadhali," akasema naibu. "Foleni ni ndefu."

Basi nyanya akaomba kwa ajili ya sote, na mama akainua gunia kichwani. Njiani nyanya alikuwa na raha. Alisema sadaka ina sharti moja tu: iliwe. Thawabu ya mtoaji huandikwa tumbo la mpewaji likishiba. Ukiificha, ukiiuza, ukiifukia, umemnyima mwenzako thawabu yake, na hicho kitu hakitakuletea baraka. Alisema hayo kama mtu anayezungumzia chumvi na mboga, hakuwa akimlenga yeyote.

Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha. Ilianza asubuhi, nzito, na harufu ya vumbi lililolowa ikaingia mpaka darasani, na hata mwalimu alinyamaza akasikiliza. Niliporudi nyumbani nilimkuta baba jikoni, nguo zimemganda mwilini, amesimama juu ya kinu. Alikuwa akilisukuma gunia la msaada juu ya uchaga.

"Chakula unakipeleka wapi?" mama akauliza.

"Si chakula. Ni mbegu."

"Mbegu ya lori?"

"Mahindi ni mahindi, mama watoto. Yapigwe na moshi kidogo, nikapande."

Nyanya alikuwa amekaa karibu na mlango, akaweka chini ungo. "Sadaka haipandwi, mwanangu."

Baba hakulishusha gunia. Mama alisimama na upawa mkononi. Mdogo wangu wa kike, ambaye hajaanza shule, akamtazama kila mmoja kwa zamu ili ajue kama alie au asilie. Nilielewa wakati huo jambo lenyewe lilivyo. Gunia likiliwa lote, tutashiba mwezi, labda na siku kadhaa, halafu mvua itakuwa imepita bila kitu ardhini na tutarudi uwanjani kupiga vigelegele. Likipandwa, tutalala na uji mwepesi mpaka mavuno, ila baada ya hapo hatutamngoja mtu. Baba hakuwa akitaka kingine duniani: asingoje mtu.

Jumapili shangazi akaja kututembelea. Shangazi ni dadake baba, anaishi Bongwe na anafanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Diani. Alileta mkate na sukari, akamwamkia nyanya shikamoo, akaketi, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Shangazi hana haya hata kidogo. Nikimtazama huwa najiuliza damu yetu ilitengana wapi.

"Sadaka ya nani?" akasema. "Mama, mimi kila mwisho wa mwezi nakatwa kabla sijanusa mshahara. Hayo mahindi ni jasho langu. Nimefua mashuka ya wageni mpaka vidole vimechubuka, halafu mtu asimame uwanjani aniambie ni zawadi!"

"Basi Mungu akulipe, mwanangu," nyanya akasema. "Wewe angalau jina lako nalijua."

"Sitaki dua, mama, nataka bwawa! Kama nakatwa, nikatwe mpate bwawa la maji hapa chini, mlime mwaka mzima. Kodi si ya kugawa unga. Kila mwaka mkitupiwa punje mtakuwa vifaranga."

Mama hapendi kubishana na wifi yake, lakini siku hiyo alimkata. "Wifi, bwawa litachimbwa lini? Huyu mtoto leo nimpikie bwawa?"

"Mimi nasema la haki."

"Na mimi nasema la jioni hii."

 Sasa baba akauliza polepole, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuikata, "Kwa hivyo unasema si sadaka?"

"Si sadaka. Ni kodi. Hata wewe umelipa, kaka. Kwenye sukari umelipa, kwenye sabuni, kwenye kiberiti, hata ukiweka vocha kwenye simu."

Baba akamgeukia nyanya. "Umesikia, mama? Ni mali yangu. Imezunguka ikanirudia. Mali yangu naruhusiwa kuifukia."

Nyanya akamtazama. "Kama ni mali yako, mbona hukwenda kuichukua?"

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. "Mama, wewe ungekuwa wakili!" Lakini baba hakucheka, na shangazi alipomwona akaacha. Akasema hoteli haina wageni msimu huu, anaitwa siku chache tu, kama si hivyo mbegu ya dukani angemnunulia mwenyewe. Alikuwa mkweli. Viatu alivyovaa vilikuwa vile vya mwaka juzi.

Jioni ile nilimfuata baba nje, akinoa jembe. Nilikuwa nimekaririkariri maneno njia nzima kutoka jikoni. Nikamwambia mwalimu wa kilimo alitufundisha kwamba mahindi ya ghalani hutiwa dawa na hukaushwa kwa moto wa mashine, na mengi hayaoti.

Hakunikaripia. Aliendelea kunoa, kisha akauliza, "Unayo mbegu nyingine?"

Nikasema sina.

"Basi."

Baba na mama waligawana gunia kama watu wanaotengana. Nusu ilibaki chini kwa mama, nusu ikapata moshi juu ya mafiga, maana baba aliamini hata mbegu ya ugenini ikikaa katika moshi wa jikoni letu itakuwa yetu. Mahindi yenyewe hayakuwa na maganda ya kufungia. Yalikuwa punje, yamemwagwa juu ya gunia lililotandazwa, na nyingine zilipenya katikati ya miti zikaanguka ndani ya sufuria. Mama alizitoa na kijiko akazirudisha. Halafu tukapanda. Baba alichimba mashimo, mama akadondosha punje, mimi nikafukia kwa mguu. Nyanya hakuja shambani. Hakulaani wala hakukasirika, ila kila baba alipopita na jembe, nyanya alisoma dua kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo ni siku za mchunga. Mvua ikinyesha mchunga huota wenyewe, ni mboga chungu, na mtu hawezi kuila bila ugali akaridhika. Ugali ulikuwa kidogo. Uji ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikuwa naliona ua lililochorwa ndani ya kikombe. Mdogo wangu aliniuliza jioni moja, "Mahindi yetu yamelala shambani?"

"Ndiyo, yamelala."

"Si yaamshwe."

Mengi hayakuamka. Mistari ilitoka na mapengo kama mdomo wa mzee, na baba akachukua sehemu ya nusu ya mama akaziba mapengo, na mapengo mengine yakabaki mapengo. Mama hakumkataza. Nafikiri na yeye alikuwa ameanza kutaka tusingoje mtu. Yaliyoota, lakini, yaliota kwa fujo. Yalikuwa na majani mapana, ya kijani kizito, na yalipanda juu tu. Ya majirani, waliokuwa na mbegu ya moshi, yalikuwa mafupi kama kawaida yetu. Jirani mmoja akipita njiani alimwita baba, "Jirani, hiyo umepanda mahindi au minazi?"

"Ngoja utaona," baba akamjibu. Nilisikia furaha katika sauti yake. Jioni alikuwa akienda kusimama katikati yake, yamempita kichwa, haonekani, tunasikia akikohoa tu.

Ni wakati huo mwalimu wa Kiswahili alitupa mjadala darasani: je, ni sawa pesa za kodi zitumiwe kuwagawia watu chakula? Msichana mmoja ambaye wazazi wake walitoka bara wakapewa ardhi ya makazi huku chini alisimama wa kwanza. Yeye huongea haraka, anachanganya lugha kama watu wa Ukunda.

"Mwalimu, mimi nasema zi, si sawa. Watu wakizoea vya bure hawafanyi kazi. Matha yangu anaamka saa kumi kupeleka mboga soko, analipa kodi ya soko, halafu kuna mtu ameketi tu anangoja lori."

"Wee!" mvulana wa nyuma akamrukia. "Na hiyo ardhi yenu mlinunua au mlipewa?"

Darasa likalipuka. Mwalimu akagonga meza. Akatafuta mtu wa kutuliza mambo, na watu kama mimi ndio hutafutwa kwa kazi hiyo. "Wewe, kule pembeni. Unasemaje?"

Nikasimama. Niliwaza baba yuko shambani kwa sababu hataki kungoja lori. Niliwaza karo yangu, ambayo nusu yake hulipwa na basari ya kaunti, na hiyo nayo ni kodi ya mamake yule msichana, na hakuna aliyewahi kunitaka nipige vigelegele. Niliwaza mdogo wangu. Kila wazo lilikuwa kinyume cha lililotangulia. Nikasema, "Mwalimu, mimi sijui," nikaketi. Wenzangu walicheka kidogo, bila ubaya. Mpaka leo sina jibu jingine, ingawa siku ile nilikuwa bado na shamba refu la kijani nyumbani na ningeweza kulionyesha.

Mvua ikakatika. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshabeba, watu wanachoma mabichi jioni, moshi wake unatufikia. Yetu yalikuwa bado yanarefuka. Ilikuwa mbegu ya nchi ya baridi, ya mahali ambapo mvua haina haraka, na ilikuwa ikingoja mvua ambayo huku haiji. Maua yalitoka wakati udongo umeshapasuka. Yalikauka yakiwa na maua. Mama alimenya moja na ndani mlikuwa na gunzi jembamba kama kidole changu, na punje pembeni mbili tatu, kama meno ya mtoto. Alilifunga tena maganda yake na kuliacha palepale kwenye bua. Nyanya alipoambiwa hakusema, "Si nilisema?" Alisema tu, "Maskini mwanangu," na akaenda kuota jua.

Lori likaja tena. Mara hii baba alikwenda mwenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamfuata kubeba gunia. Alivaa shati lake la kwenda mazikoni. Tulipanga foleni na akasimama wima, hakuegemea ukuta kama wengine.

Naibu alimtambua. "Mzee, wewe si ndiye uliyepanda yale ya kwanza?"

"Ndiye mimi. Yameungua yote."

"Yale yalikuwa ya kula. Mtu akipanda chakula cha njaa ina maana hakuwa na njaa. Wakubwa wameniuliza, nitawajibu nini?"

"Waambie waje shambani waone."

"Mashamba yote haya nitayaona saa ngapi? Kuna watu hapa hawana hata shamba, baba."

Nyuma yetu foleni ilianza kusukumana. Baba akasema, si kwa nguvu, "Lakini hii ni kodi yangu."

Mtu akapaza sauti, "Mzee, kodi yako ni ya kiberiti! Umeshaiwasha!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na baba akacheka nao. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, meno yote nje, akitazama uso wa naibu kuona kama naibu naye amefurahi. Halafu, akiwa bado na kile kicheko, akasema:

"Basi nipe kama sadaka."

Kicheko kilipungua. Naibu alitazama chini. Si mtu mbaya, nataka niandike hivyo, alionekana kuumia. "Sadaka siwezi kutoa, mzee wangu. Si mali yangu. Hii ni mali ya serikali."

Akaita aliyefuata.

Tulirudi na gunia likiwa limekunjwa kwapani mwangu. Njiani baba aliniambia ataondoka kwenda Ramisi, amesikia kuna kazi ya kukata miwa, na kwamba nikifika nyumbani nisiseme lile la sadaka. Sijamwambia mtu.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye ua wa shamba. Alikuwa aking'oa matawi ya miiba aliyoyapanga yeye mwenyewe, moja moja, anayaweka kando taratibu asijichome. Mbuzi wetu wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, hawaamini. Ilibidi awasukume ndani. Walipoanza kula waliangusha mabua marefu kwa vifua vyao, na yalivunjika kwa sauti iliyofika mpaka nyumbani.

"Kuna nini huko?" nyanya akauliza kwa sauti kutoka mlangoni. "Mbuzi wamevunja ua?"

Baba alikuwa ameshika tawi la miiba. Alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wamevunja."